Tusilaumu betri kabla ya kupima alteneta

Mhariri,

Wenye pikapu wengi huuziwa betri mpya wakati mgonjwa ni alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Kipimo ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma takriban volti 12.6, injini ikiwashwa, mita ya volti ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, kagueni mkanda unaoizungusha alteneta na nyaya zake kwanza, kisha alteneta.

Mafundi, mkienda kubadilisha alteneta, fungueni terminali hasi ya betri kabla ya yote. Waya mnene wa nyuma ya alteneta una umeme hata gari likiwa limezimwa. Spana ikigusa waya huo na bodi ya gari kwa pamoja, cheche huruka. Piga picha njia ya mkanda, maana ukiupitisha vibaya unaweza kuzungusha pampu ya maji kinyume, na injini ichemke.

Mkanda ukishatoka, zungusha kwa mkono kila puli, yaani gurudumu linalopitiwa na mkanda. Inayokwaruza au kuchezacheza, beringi imekwisha, nayo itakula mkanda mpya. Oili ikivuja juu ya mkanda, ziba uvujaji kwanza. Wakati wa kufunga, pitisha kidole kwenye kila puli: mfereji mmoja wa mkanda ukibaki nje ya puli, mkanda huchanika nyuzi upesi.

Betri iliyokufa kabisa ichajiwe pembeni kwanza. Kuibebesha alteneta mpya kazi hiyo ni kuiunguza.

Fundi wa umeme wa magari,
Morogoro