Lisbon: anza Carmo, Belém ngoja kesho

Ndugu yangu Bakari,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani Lindi. Umeuliza uanzie wapi Lisbon kwa siku zako mbili, ukasema kila ratiba ya watalii inaanza na Belém. Usianze huko. Belém, mtaa wa kumbukumbu za mabaharia kando ya mto, ndiko mji unakojisifu. Carmo, uwanja ambako udikteta wa Ureno uliangushwa mwaka 1974, ndiko ulikovuliwa ile sifa, na mtu aliyekulia jirani na Nachingwea anastahili kuanzia Carmo.

Panda metro ushuke Baixa-Chiado, utokee mlango wa Chiado, si wa Baixa. Ngazi za umeme zitakupandisha kilima chote, nawe hutaihitaji lifti ya chuma ya Santa Justa. Kutoka hapo hadi Largo do Carmo ni dakika chache kwa miguu. Utaona kanisa lisilo na paa, lililobomolewa na tetemeko la 1 Novemba 1755, na ubavuni mwake lango la kikosi cha GNR, askari wa ulinzi wa taifa. Watu wote hupiga picha kanisa. Wewe tazama lango.

Usiku wa kuamkia 25 Aprili 1974, saa sita na dakika 20, redio ilipiga wimbo Grândola, Vila Morena wa José Afonso. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara kwa makapteni waasi kutoka kambini na kuipindua serikali. Kapteni Salgueiro Maia aliondoka Santarém na askari wake, na kulipokucha walikuwa wamekwisha kufika Terreiro do Paço, uwanja wa wizara ulio kando ya mto Tagus. Serikali ilileta manowari, nayo haikufyatua kombora. Ikaleta vifaru, na koplo mmoja, José Alves Costa, akakataa amri ya kumpiga Maia. Mchana Maia akapanda hadi Carmo, ambako Waziri Mkuu Marcelo Caetano alikuwa amejificha nyuma ya lango hilo. Risasi zilimiminwa ukutani, muda aliopewa Caetano wa kujisalimisha ukapita, na jioni Caetano akakabidhi madaraka kwa Jenerali Spínola, kisha akatolewa ndani ya gari la deraya. Maua mekundu unayoyaona kwenye kila picha ya siku ile, cravos, raia waliyachomeka kwenye mitutu ya bunduki.

Sasa sikiliza sehemu ambayo waongoza watalii huipita haraka. Makapteni wale hawakuanza kwa hotuba za demokrasia. Mwaka 1973 walilalamikia amri iliyowaruhusu maofisa wa muda kupandishwa cheo kwa kozi fupi, maana jeshi lilikuwa limeishiwa maofisa. Kwa nini liliishiwa? Kwa sababu lilikuwa likipigana Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963 na Msumbiji tangu 1964. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kikafunza wapiganaji wake Nachingwea. Kwa hiyo unaposimama pale Carmo, usijione mgeni katika historia hiyo. Uhuru wa Wareno ulipiganiwa pia ng'ambo ya Ruvuma, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Ukitoka hapo, shuka Rua António Maria Cardoso, yalipokuwa makao ya polisi wa siri, PIDE. Jioni ileile waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika nje, wakaua wanne. Jengo limegeuzwa makazi ya watu, kwa hiyo usitafute makumbusho. Tafuta bamba ukutani, na uende polepole, ni rahisi kulipita. Halafu nenda Aljube, gereza la wafungwa wa kisiasa lililo karibu kabisa na kanisa kuu. Ni makumbusho tangu 2015, na hufungwa Jumatatu. Tenga saa mbili. Vyumba vya kutenga wafungwa vina upana wa kama mita moja kwa mbili. Nenda kwa miguu, kwa sababu tramu ya 28E hujaa kupita kiasi na wezi wa mifukoni wanaipenda.

Belém iwe siku ya pili, na isiwe Jumatatu. Panda treni Cais do Sodré, lakini soma ubao kwanza: treni za haraka za Cascais hazisimami Belém. Kwenye monasteri ya Jerónimos watu hukosea foleni. Kanisa na ua wa matao ni milango miwili tofauti, na tiketi inayouzwa ni ya ule ua. Kaburi la Vasco da Gama liko kanisani, karibu na mlango. Mabaki yake yaliletwa hapo mwaka 1880. Ujenzi wa monasteri ulilipiwa kwa ushuru wa bidhaa za Afrika na Mashariki. Huo ua ndio uliotumika kutia saini mkataba wa Ureno kuingia Jumuiya ya Ulaya, 12 Juni 1985.

Ng'ambo ya barabara utaona mnara wa mabaharia, Padrão dos Descobrimentos. Wengi hudhani ni wa zama za merikebu. Ulisimamishwa kwanza mwaka 1940 kwa vifaa vya muda, kwenye maonyesho ya utawala wa dikteta Salazar, aliyemtangulia Caetano, ukajengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya vita vya Angola. Dira kubwa ya marumaru iliyo chini yake, kipenyo cha mita 50, ni zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Panda juu uione yote. Kisha tembea hadi karibu na Torre de Belém, kwenye ukuta ulioandikwa majina ya askari wa Ureno waliokufa katika vita vile vya Afrika. Kumbukumbu hiyo ilifunguliwa 1994. Na wale waliouzwa utumwani? Wakazi walipigia kura kumbukumbu yao mwaka 2017, ikachaguliwa kazi ya msanii Kiluanji Kia Henda wa Angola, miwa ya alumini nyeusi. Miaka ikapita bila kusimamishwa. Hilo linaniudhi, na nadhani nawe litakuudhi.

Bunge liko São Bento, lina wabunge 230. Kikao cha wazi unaweza kukisikiliza kutoka roshani ya wageni. Chukua pasipoti, na uangalie ratiba mapema. Utawasikia bado wakigombania tarehe ipi iadhimishwe: Chega, chama cha mrengo mkali wa kulia, kilikuwa na kiti kimoja mwaka 2019, kikafikisha 60 mwaka 2025, na tangu 2024 Bunge linaadhimisha pia 25 Novemba 1975, siku ambayo mrengo wa kushoto jeshini ulidhibitiwa.

Ukibakiwa na nafasi ya siku nzima, ngome ya Peniche, kaskazini ya Lisbon, ilikuwa gereza pia. Álvaro Cunhal, kiongozi wa wakomunisti, alitoroka humo 3 Januari 1960. Mwaka 2016 serikali ilitaka kuikodisha iwe hoteli, watu wakapinga. Leo ni makumbusho ya taifa.

Nisalimie Mama.

Ndugu yako,
Salum