Bunduki ya kupiga kunguru Mombasa? Ngoja kwanza tuongee

Kazi yetu ni kupunguza kunguru majumbani kwa watu hapa Mombasa, na wiki haipiti bila mtu kutuuliza hili swali. Mwingine anapiga simu, mwingine anatuma video WhatsApp, na video zenyewe zinafanana, jamaa wa Marekani kalala kifudifudi juu ya mkeka, bunduki ndefu imesimama kwa miguu miwili, darubini juu yake kubwa kama thamosi ya chai, anashusha pumzi, paa! na huko mbali kinyama kinarushwa. Halafu chini mteja kaandika, "nyinyi watu wa kunguru mbona hamna hii, njooni mnimalizie hawa wa mwembe wangu."

Nimeona nijibu hapa mara moja, na nijibu vizuri, manake anayeuliza hana ubaya wowote, amechoka tu. Ukianika samaki kunguru yuko, ukitoa mahamri kwa jiko kunguru yuko, mtoto anatembea na mandazi mkononi ananyang'anywa. Mtu akifika hapo anataka suluhisho la haraka, naelewa kabisa.

Kwanza ile bunduki ni nini. Mimi kabla ya kuingia hii kazi nilikuwa fundi wa lethi kule Shimanzi, kuchonga shafti na bushi za malori, na binamu yangu anaishi Wyoming ambako huo mchezo upo, kwa hivyo tumeshaongea sana juu ya hizi vitu. Kule kwao kuna vinyama jamii ya kindi vinavyochimba mashimo kwenye malisho ya ng'ombe, mia kwa mia, na mwenye shamba anavihesabu kama wanyama waharibifu. Kinyama chenyewe kidogo, kimesimama mdomoni mwa shimo mita 300, 400 toka ulipo. Kukipata umbali huo unataka risasi nyepesi inayokwenda kasi ya ajabu, ili isipate muda wa kushuka wala kusukumwa sana na upepo. Ndo maana wakatengeneza risasi kama .220 Swift, ilitoka 1935, halafu .22-250 ambayo mafundi wa mitaani walikuwa wakijichongea wenyewe miaka na miaka mpaka kampuni ikaja kuihalalisha 1965, na juzi juzi .204 Ruger mwaka 2004. Hiyo .22-250 inarusha kitu cha gramu tatu na nusu hivi kwa mwendo wa mita 1,100 na kitu kwa sekunde moja. Sauti yenyewe inakwenda mita 340 hivi, yaani risasi imeshafika zamani ndo mlio unakuja.

Na kazi ya kuiunda, kama fundi nasema kweli inanivutia. Huchukui bunduki ya dukani ukaridhika. Unanunua mtutu mnene wa chuma kisichoshika kutu, mzito, sababu mtu anapiga risasi nyingi kwa siku moja na mtutu mwembamba ukipata moto unaanza kupeleka risasi ovyo. Ndani ya mtutu kuna ile michirizi inayozungusha risasi, na wanachagua mzunguko kulingana na uzito wa risasi, kwa nyepesi wengi wanachukua duru moja kila inchi 14. Piga hesabu hapo, kwa ule mwendo risasi inatoka mdomoni ikizunguka karibu mara 190,000 kwa dakika! Halafu chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, inachongwa kwa lethi mpaka ikae sawa na mtutu kwa kipimo ambacho jicho halikioni, chuma kinalazwa ndani ya kitako kwa gundi ya ipoksi kisicheze hata unywele, triga inalainishwa mpaka ukigusa tu imeachia. Na yote hiyo ina bei yake, kwa sababu ile kasi na ule moto vinakula koo la mtutu, pale michirizi inapoanzia, wenye kupenda .220 Swift wanajua, ukipiga mfululizo bila kuiacha ipoe baada ya risasi elfu kadhaa unaanza kutafuta mtutu mwingine.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize. Ile bunduki inafaa kule kwa sababu ya kitu kimoja ambacho kwa video hakionekani. Kile kinyama kiko chini. Mpigaji yuko juu ya kilima au sawa nacho, na nyuma ya kinyama kuna udongo, kilomita na kilomita za udongo na nyasi, hakuna nyumba. Risasi zenyewe zimetengenezwa ganda jembamba makusudi ili zikigonga ardhi zivunjike vipande vipande zisidunde. Ukikosa, risasi imekufa mchangani.

Kunguru wa Mombasa yuko juu. Yuko kwa mwembe, kwa mnazi, kwa nguzo ya stima, kwa ukingo wa ghorofa ya nne. Unainua mdomo wa bunduki kumpiga, na nyuma yake hakuna udongo, kuna mbingu, na mbingu ya Mombasa chini yake kuna watu. Ukikosa hiyo risasi haivunjiki, inakwenda zake. Hata ile .22 ndogo kabisa, ya kufundishia watoto shabaha huko Marekani, boksi lake limeandikwa onyo kwamba inaweza kufika maili moja na nusu, kilomita 2.4 hizo. Kisiwa chetu chote ni kilomita mraba 14 hivi. Mtu akipiga kunguru Tudor akakosa, hiyo risasi itamtafuta nani? Dada anayeanika nguo Majengo? Mvuvi yuko kwenye ngalawa mtoni? Huwezi kujua, na hiyo ndo inanifanya nikatae hata ukinilipa mara kumi.

Sheria nayo tuipitie haraka. Bunduki Kenya ni cheti kutoka bodi ya leseni za silaha, na kuunda au kurekebisha silaha karakana ya mtaani bila kibali ni jela, hakuna njia ya mkato. Na uwindaji wa mchezo umepigwa marufuku nchi hii toka 1977. Wengine wananiambia basi bunduki ya upepo, ile ya vidonge, hiyo si silaha. Ndugu yangu, kwa sheria yetu ya silaha hata ya upepo imo ndani. Kuna mteja mmoja, mtaa sitautaja, alikuwa nayo aliletewa na jamaa toka nje, akakaa roshani asubuhi akapiga kunguru mmoja akampata, wa pili akamkosa, kidonge kikavunja luva ya kioo ya dirisha la jirani na ndani ya kile chumba kulikuwa na mtoto mchanga amelala. Vipande vya kioo vilianguka juu ya chandarua, chandarua ndo kilimuokoa. Alituita siku ile ile, mikono inamtetemeka, bunduki hakuitaka tena kuiona.

Na kunguru walipungua pale? Hata. Yule mmoja alipoanguka walikuja wengine thelathini wakamzunguka wakilia, na kesho yake mwenye nyumba akitoka tu kwa roshani kelele zinaanza. Kunguru anakariri sura ya mtu, hilo hata wataalamu wa Marekani walilijaribu kwa kuvaa vinyago, ndege wakawa wanamsumbua aliyevaa kinyago kilichowatesa muda mrefu baadaye. Kwa hivyo ukimpiga risasi mmoja umewafundisha mia jinsi ya kukukwepa, na chakula bado kipo, na kiota bado kipo, nafasi ya aliyekufa inajazwa.

Hawa si ndege wetu wa asili, hili watu wengi hawajui. Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu, wengine wanamwita kurabu, kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ati ale taka, na hapa Mombasa alionekana mara ya kwanza 1947. Toka hapo hakuna aliyemrudisha. Wazee wa Mji wa Kale watakwambia zamani asubuhi unaamshwa na ndege wadogo, leo kunguru anawatolea mayai na makinda kiotani mbele ya macho yako. Mimi hilo linaniuma kuliko hata mahamri. Kule nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mti umejaa viota vya kwera vinaning'inia kama vikapu, sasa hakuna hata kimoja. Lakini msimchanganye na yule kunguru mwenye kifua cheupe, huyo ni wa kwetu, na kiota chake hatukigusi.

Haya, sisi tunafanya nini basi. Nitawapa mfano wa kazi ya juzi. Bi mkubwa mmoja wa Tudor alinipigia, "Mwanangu, hawa kunguru wamenishinda, siwezi hata kukaa uani kwangu." Nikafika, shikamoo bi, marahaba, akanionyesha mwembe. Viota vitatu. Kijana wangu akapanda na kamba na helmeti (helmeti ni lazima, wanakuja kukugonga kichwani kwa nyuma, hawaji mbele), akashusha cha kwanza tukakiweka chini kwa baraza tukakifungua. Nje yote ni waya. Henga za nguo za chuma mbili zimekunjwa, waya za kufungia nondo, kipande cha antena ya TV, na katikati laini kabisa, nyuzi za gunia na nywele za wigi. Mayai manne, ya kijani kama maji ya bahari, na madoa ya kahawia. Bi mkubwa akaangalia ile henga akasema hiyo yangu ya bluu, nimeitafuta mwezi mzima.

Hilo ndo pigo lenyewe. Jike analalia siku 16, 17 hivi, makinda yanakaa kiotani wiki tatu au nne, kwa hivyo kiota kikitolewa na mayai yake ndani umepunguza wanne kwa siku moja bila mlio wowote. Ukweli mwingine ni kwamba wanaweza kuanza kiota kipya wiki hiyo hiyo, ndo maana bei yetu ya kiota ni pamoja na kurudi mara mbili, hatulipishi tena. Na ukikata matawi yaliyopandana pale wanapopenda kujenga wanahama wenyewe, mwembe hauhitaji kung'olewa.

Lakini kabla ya kupanda mti huwa nazunguka nyumba kwanza nikitafuta wanachokula. Kwa yule bi mkubwa ilikuwa ni pipa la jirani halina kifuniko, na ukuta ambao mtu anamwaga utumbo wa samaki kila jioni kwa ajili ya paka. Paka wawili, kunguru arobaini. Tulimuomba jirani kwa heshima, tukamfungia pipa lake kifuniko cha uzito, bure, kwa sababu bila hilo kazi yangu pale juu ni ya bure pia. Wenye mikahawa na hoteli za Nyali na Bamburi nawaambia hivyo hivyo, sahani ya mgeni ikikaa mezani dakika tano baada ya kuondoka umeshawaalika. Kwa roshani tunaweka nyavu nyeusi zile za nailoni, ukiwa ndani huzioni sana, na kwa wanaoanika samaki au viungo tunatengeneza fremu ya mbao na wavu, unafunua unafunika kama kawa.

Kuna sumu, Starlicide, mlisikia 2024 shirika la wanyamapori lilitangaza mpango wa kumaliza kunguru milioni moja pwani. Ile inafanya kazi polepole, ndege anakufa masaa kadhaa baadaye, na ikitumiwa na waliofunzwa inasaidia, hata zaidi ya miaka 20 nyuma iliwapunguza sana. Sisi hatuna kibali chake na hatuiuzi. Na tafadhali, anayekuuzia unga kwa karatasi sokoni akikwambia ndo hiyo, usinunue, utaua paka na kuku za watu, pengine na mtoto.

Ukitaka tuje, piga picha ya mti au paa ulipo usumbufu, na picha ya mahali unapoweka taka, tutumie zote mbili, ya taka usiione aibu. Kuja kukagua hapa kisiwani hatulipishi, ng'ambo Likoni, Kisauni mpaka Mtwapa tunachukua nauli tu. Kiota kikiwa kwenye nguzo ya stima au transfoma usiruhusu mtu apande, hata sisi hatupandi, mpigie simu mwenye stima kwanza wazime, halafu sisi tunakuja tuko chini na gunia tunasubiri. Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ijumaa tunasimama saa sita.