Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayesomea mipango miji

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na ile picha ya Zhujiang New Town, kitovu kipya cha biashara cha jiji hili la Guangzhou, usiku, mnara wa Canton (jina la zamani la Guangzhou) umewaka taa, nimeiona. Umeniuliza, "Mjomba, hawa waliwezaje? Na sisi tukitaka kuiga tuanzie wapi?" Nimeamua kukujibu hadharani, kwa sababu swali hilo naulizwa na karibu kila mfanyabiashara wa Kariakoo ninayempokea hapa Guangzhou, na jibu wanalorudi nalo nyumbani ni lilelile: serikali iliamua, ikabomoa, ikajenga. Jibu hilo limepungukiwa na kitu kikubwa, na wewe unayekwenda kuandika utafiti wa kumalizia shahada usiliandike hivyo.

Kinachostahili sifa nakisifu kwa moyo wote. Mwaka 1978 Wachina waliokuwa wakiishi mijini walikuwa asilimia 18 hivi. Mwaka 2011 wakavuka nusu. Sensa ya 2020 ikakuta karibu asilimia 64. Jiji hili ninaloishi lina watu zaidi ya milioni 18 kwa sensa hiyo. Treni ya chini ya ardhi ilianza mwaka 1997 na kipande kifupi cha njia moja. Leo mtandao wake umepita kilomita 600, na mama mwenye mtoto mgongoni anapanda kwa nauli ndogo kuliko bei ya sahani ya wali. Jirani zetu Shenzhen walimaliza kubadilisha mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme ilipofika mwisho wa 2017. Ukisimama kituoni kule saa ya watu kutoka kazini, husikii muungurumo na hunusi dizeli. Natamani siku moja usimame hivyo Ubungo.

Shenzhen hiyo ndiyo mtakayofundishwa darasani, na mtaambiwa ilikuwa kijiji cha wavuvi hadi mwaka 1980 ilipotangazwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, halafu mji ukaota. Usikubali. Wilaya ya Bao'an, ambayo Shenzhen ilichongwa humo, ilikuwa na watu zaidi ya laki tatu, ina miji midogo ya soko, ina reli ya kwenda Hong Kong, ina vijiji vyenye koo zilizokaa hapo kwa karne nyingi. Watu walikuwepo, na ardhi ilikuwa na wenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu mpangaji wa miji akishaamini kwamba mahali palikuwa patupu, hataona haja ya kuuliza nani alikuwa anaishi pale.

Utasomeshwa pia jengo la Guomao, la ghorofa 53, lililokamilika 1985, ambalo wakati fulani lilipanda ghorofa moja kila siku tatu. Ni kweli kabisa. Lakini jiulize: wale waliomwaga zege usiku na mchana, jioni walikuwa wanalala wapi? Na mamilioni waliowafuata, wa viwandani, wa mahotelini, wa kufagia barabara, wa kubeba vifurushi, walipanga kwa nani? Serikali haikuwajengea nyumba za kuwatosha. Hapo ndipo utafiti wako unapaswa kuanzia, mpwa wangu.

Walilala kwenye vijiji vya mjini. Katiba ya China ya 1982 inasema ardhi ya mijini ni mali ya dola, na ardhi ya vijijini ni mali ya wanakijiji kwa pamoja. Miji ilipoanza kutanuka, serikali za miji zilichukua mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki, zikalipa fidia, zikajenga barabara na viwanda. Viwanja vya nyumba za wanakijiji hazikuvigusa, maana kuihamisha familia na kuijengea kwingine ni ghali kuliko kulifidia shamba. Kwa hiyo mji ukakizunguka kijiji pande zote na kukiacha katikati. Mkulima akaamka hana shamba, ana kiwanja chake tu na hajui kazi nyingine. Na nje ya kijiji kuna vijana maelfu kutoka Hunan, Sichuan na Hubei wanaotafuta pa kulala. Akajenga. Kwanza ghorofa mbili, kisha tano, kisha nane. Alipozuiwa kutanuka chini akatanuka juu: kila ghorofa ikatokeza kidogo juu ya uchochoro, mpaka wa dirisha hili anaweza kumpa mkono wa dirisha lile. Mchana wa saa sita unatembea humo na taa zimewashwa.

Nataka uvione vijiji hivi kwa macho yako kabla hujavisoma kwenye ripoti, ambako utakuta maneno "uchafu, msongamano, hatari" halafu basi. Chumba kimoja kina kitanda, jiko la sahani moja na choo ambacho bomba la kuogea limefungwa juu yake, kwa kodi ya mia chache za yuan, fedha ya China, kwa mwezi, umbali wa kutembea kutoka kwenye minara ambako chumba kama hicho kinatakiwa maelfu. Chini kuna duka la supu ya tambi, fundi wa simu, kinyozi, duka la dawa, mzee anayerekebisha viatu. Nyaya za umeme na za intaneti zimening'inia juu ya vichwa mafungu mafungu, na nguo zilizoanikwa zinadondosha maji juu ya wapita njia. Msichana aliyeshuka kwenye treni leo asubuhi na begi moja, jioni ana chumba, kesho ana kazi. Haulizwi barua ya mwajiri, haulizwi dhamana ya benki. Mlango ule ndio ulioingiza watu wa kulijenga jiji hili.

Kangle ndicho ninachokijua zaidi, kwa sababu ya kazi yangu. Kangle na jirani yake Lujiang viko wilaya ya Haizhu, karibu na soko kubwa la vitambaa la Zhongda, na kwenye eneo la kilomita moja ya mraba hivi wamekuwa wakiishi watu zaidi ya laki moja, wengi wao kutoka mkoa wa Hubei. Asubuhi wenye karakana husimama kando ya barabara, kila mmoja ameshika sampuli ya nguo aliyopata oda yake: gauni, koti, suruali ya kitambaa chepesi. Mafundi wa cherehani wanapita, wanageuza nguo ndani nje, wanasoma mishono, wanauliza kwa kipande ni kiasi gani. Wakipatana, fundi anaingia na kukaa kwenye mashine saa hiyo hiyo. Magari ya magurudumu matatu, yale tungeyaita maguta, yanapita na majora ya vitambaa yamerundikwa mpaka dereva haonekani. Kitambaa kilichonunuliwa Zhongda leo, keshokutwa ni gauni ndani ya kifurushi. Magauni mengi ninayoyaona yakifungwa kwenye marobota ya kwenda Dar es Salaam nahisi nayajua yalikoshonewa.

Mafundi hao, hata wakikaa miaka ishirini, kwenye karatasi ni watu wa kwao. Tangu 1958 kila Mchina ana ukaazi ulioandikishwa mahali, na ukaazi huo ndio unaoamua mtoto atasoma wapi bila usumbufu na mzazi atahudumiwa wapi. Mageuzi yamefanyika, miji midogo imelegeza masharti, lakini kwenye majiji makubwa kama Guangzhou nafasi ya shule ya serikali kwa mtoto wa mgeni hutafutwa kwa alama: mzazi ana mkataba wa kazi, amechangia bima miaka mingapi, ana elimu gani. Fundi anayelipwa kwa kipande alama hizo atazitoa wapi? Kwa hiyo mtoto anabaki kijijini na bibi, na mama anamwona kwenye simu jioni, mashine zikinguruma nyuma yake. Hili linaniuma kuliko vichochoro na nyaya.

Sasa nenda Liede, maana hicho ndicho kijiji ambacho maofisa hupelekea wageni. Kiko pale pale kwenye picha yako, ukingoni mwa Zhujiang New Town. Mwaka 2007, jiji likijiandaa kwa Michezo ya Asia ya 2010, Liede kilivunjwa chote. Sehemu ya ardhi yake ikauzwa kwa mnada kwa zaidi ya yuan bilioni nne, na fedha hizo zikajenga minara ya makazi kwa wanakijiji wenyewe. Mwaka 2010 wakarudi. Kila familia ilipewa nyumba kulingana na ukubwa wa iliyovunjwa, kwa hiyo wengine walirudi na funguo za nyumba kadhaa. Mahekalu ya mababu wa koo zao yalijengwa upya na kuwekwa pamoja, na mfereji wao uliachwa; kila mwaka mashindano ya mitumbwi ya dragoni yakifika, wenyeji hupiga makasia chini ya minara na meza za karamu hupangwa kwa mamia. Nimekuwepo kwenye sherehe hiyo. Ni furaha ya kweli, na haki waliyopata wenyeji wale, wanakijiji wa nchi nyingi hawajawahi kuipata. Ukiandika juu ya fidia, andika Liede bila woga.

Lakini uliza pia habari za wapangaji. Liede kilikuwa kimejaa wapangaji kama ilivyo Kangle leo. Wao hawakuwa kwenye mkutano wa kijiji, hawakupiga kura, hawakuwa kwenye hesabu ya mita za mraba. Walipewa muda wa kuhama, wakahama. Na ile minara mipya, kodi yake si ya mfagiaji wala mhudumu wa mgahawa. Walisogea kwenye kijiji kingine mbali zaidi, na kile kilipopigwa alama nyekundu ya kubomolewa wakasogea tena. Shenzhen ilikuwa hivyo hivyo kwa Baishizhou, ambako watu wapatao laki moja na nusu walikuwa wamepanga: mwaka 2019 notisi zilipotoka, wazazi walianza kuhangaika na shule za watoto kabla hata hawajapata chumba.

Sisi Waafrika tunalijua hilo kwa ngozi yetu. Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika hapa Guangzhou, pale kwenye jengo la Tianxiu, ambako kwa miaka mingi ungeweza kusikia Kiswahili ndani ya lifti, ilikua kwa sababu pembeni yake kuna kijiji cha Dengfeng chenye vyumba na hoteli za bei ya mfanyabiashara mdogo. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi walitolewa kwenye vyumba na hoteli hapa Guangzhou, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika kule Beijing wakaandika barua ya malalamiko kwa waziri wa mambo ya nje wa China. Miaka miwili baadaye, Novemba 2022, Kangle kilipofungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya korona, wafanyakazi wa Kichina wenyewe waliangusha vizuizi wakamiminika barabarani. Mpangaji ni mpangaji, mpwa wangu. Siku ya shida ndiyo anayeambiwa hana mahali, na pasipoti yake inaongeza tu uzito.

Usije ukanielewa kwamba nataka vijiji vile vibaki kama vilivyo. Novemba 2017, pembezoni mwa Beijing, moto uliwaka kwenye jengo la vyumba vya wahamiaji katika wilaya ya Daxing na kuua watu 19. Uchochoro usiopitisha gari la zimamoto ni kaburi linalosubiri. Kilichofuata, hata hivyo, ni jiji kuwaondoa maelfu ya wapangaji katikati ya baridi, kwa siku chache, kwa jina la usalama wao. Katikati ya kuacha watu waungue na kuwatupa nje kwenye theluji kuna kazi nzima ya taaluma yako: nyaya, ngazi za pili, maji, upana wa njia, vyumba vya kodi ndogo vinavyolindwa kisheria. Kwa upande huu kuna majaribio Shenzhen, ambako baadhi ya majengo ya vijiji yamekarabatiwa badala ya kuvunjwa, ingawa mara nyingi kodi hupanda na shida ikarudi palepale.

Na kasi ile ya ujenzi mnayoipenda imepungua. Tangu 2021 biashara ya majumba imeyumba, na mahakama ya Hong Kong iliamuru Evergrande, kampuni kubwa ya kujenga na kuuza nyumba, ifilisiwe Januari 2024. Kuna familia zilizolipia nyumba kabla hazijajengwa na bado zinatazama nguzo. Bomoa, uza ardhi, jenga juu zaidi: hesabu hiyo ilihitaji mnunuzi asiyeisha.

Nimelisoma dodoso ulilonitumia. Maswali yote ni kwa wenye nyumba: una hatimiliki, ulilipwa kiasi gani, umeridhika? Ongeza sehemu ya wapangaji, na uiweke mbele. Waulize kodi, umbali wa kwenda kazini kwa dakika, watoto wanasoma wapi, walihama mara ngapi na kwa notisi ya siku ngapi. Ukirudi Dar es Salaam uyapeleke maswali hayo hayo Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilizoondolewa ziliwekwa kwenye maghorofa mapya mwaka 2022. Pale waliorudishwa walikuwa wapangaji wa nyumba za umma, na tofauti yake na Liede inastahili sura nzima.

Usije Oktoba, maonyesho ya biashara ya Canton yanapandisha bei za vyumba jiji zima. Njoo wiki ya pili ya Novemba. Asubuhi tutakwenda Kangle wakati mafundi wako barabarani, kwa sababu mpango wa kukivunja upo na karakana zinasukumwa kuhamia mji jirani wa Qingyuan. Mchana tutavuka mto kwenda Liede. Nijulishe tarehe mapema ili nimwombe jirani yangu wa Hubei aje atutafsirie. Kichina changu kinatosha sokoni, ila mafundi wakianza kuzungumza kikwao tutamhitaji.

Msalimie mama yako, mwambie mzigo wake umeshapakiwa.

Mjomba wako,
Guangzhou