Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: kiangazi, likizo na watu wetu wa kazini

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari zenu.

Mwaka huu sitawasomea kila kitu. Mapato na matumizi mhazini keshayatuma kwenye grupu, asiyeyaona apandishe juu kidogo, yako kabla ya zile video za sikukuu. Wanachama wapya tumepata, wachache wamefunga biashara, ada bado wengine wanakimbizana na mhazini na wanajijua. Hayo basi. Mi nataka tuongee kile kilichotuchosha wote sisi wenye biashara toka Desemba mpaka Machi, yaani wafanyakazi wetu na hili joto la Dar.

Simu nyingi nilizopokea mwaka huu zilikuja miezi hiyo na karibu zote zilianza hivihivi, mwenyekiti vijana wangu wamekuwa wavivu. Mwenye bekari analalamika, mwenye saluni analalamika, wa karakana ya fanicha kule Keko ndo usiseme, anasema watu wanapiga randa dakika kumi halafu wanakaa chini ya mwarobaini. Sasa jamani, vijana wa Temeke nzima wawe wavivu mwezi mmoja wote kwa pamoja, kwani walifanya kikao? Mwezi wa saba hao hao walikuwa wanamaliza oda kabla ya muda na tukawa tunawasifia.

Hapa kwetu jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba hivi na tena mwisho wa Februari kuingia Machi, na hapo katikati ndo kaskazi inavuma na unyevu wake. Mwili unapoa jasho likikauka, sasa hewa ikishajaa unyevu jasho halikauki, linatiririka tu, na pangaboi lako linazungusha hewa ile ile ya moto chini ya mabati. Mtu wa hivyo hata umpige mikwara hawezi kwenda spidi ya Julai. ILO, lile Shirika la Kazi Duniani, walikadiria 2019 kwamba ikifika 2030 joto litakuwa linakula asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani, sawa na ajira milioni 80, kwa hiyo sio Keko peke yake.

Kuna jambo lilitokea kwenye bekari ya mwenzetu mmoja, kanipa ruhusa nilisimulie bila jina. Kijana alichukuliwa deiwaka, yaani kibarua wa siku, kuziba nafasi ya aliyeenda likizo, akawekwa mdomoni mwa oveni siku ya kwanza tu, shifti nzima. Kufika mchana akaanza kuingiza trei tupu kwenye oveni, anaingiza, anafunga, anachukua nyingine tupu, wenzake wakawa wanacheka wanajua anazingua, mpaka mama mmoja wa kufungasha akamshika shavu akaona linawaka na akimuuliza jina anajibu vitu havieleweki. Wakamtoa nje kivulini, wakamvua aproni, wakammwagia maji na kumpepea huku bajaji inaitwa, akapelekwa hospitali, Mungu saidia akapona. Nalirudia hili kwa sababu wengi tunajua kizunguzungu na kutapika, lakini mtu akianza kuchanganyikiwa hiyo ni dharura, sio ya kumpa soda akae dakika tano.

Na angalieni ni nani anayeanguka, mara nyingi sio fundi mkongwe, ni mgeni. Mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea kazi ya kwenye moto. NIOSH ya Marekani, wale wa utafiti wa usalama kazini, wanashauri mtu mpya siku ya kwanza akae kwenye joto asilimia 20 tu ya muda wa kawaida halafu unamwongezea 20 kila siku. Na aliyezoea lakini katoka likizo naye mazoea yanakuwa yamepungua, wanasema aanze na nusu. Sasa fikiria sisi tunavyofanya, mtu kaenda Moshi Krismasi, kakaa kule kwenye ubaridi wiki tatu anakula ndizi na nyama, anashuka stendi ya Mbezi Luis usiku, asubuhi yake yuko kwenye oveni shifti kamili kwa sababu "umepumzika sana wewe". Hapo ndo tunapotengeneza wagonjwa wenyewe.

Nije kwenye likizo sasa, maana huko ndo kwenye mzizi. Kila mtu anaitaka Desemba, shule zimefungwa, kuna kipaimara, kuna harusi, kuna kwenda kusalimia wazee, na maombi yanakuja tarehe 10 tiketi ya basi ishakatwa. Bosi anakataa, mtu anaondoka hivyohivyo au anakuja na ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi, ya siku saba, bosi anachukia, anachukua deiwaka, deiwaka ndo huyo wa trei tupu, halafu waliobaki wanabeba kazi ya watatu mpaka nao wanaanza kugombana. Mnyororo wote huo unaanzia kwenye karatasi moja ambayo hatukuiandaa Oktoba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 wengi tunaiogopa kwa sababu ya CMA, ile tume ya kuamua migogoro ya kazi, lakini kwenye hili imetupa nafasi nzuri tu. Mfanyakazi ana siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, hiyo haina mjadala, ila mwajiri ndo anapanga zichukuliwe lini, mradi isipite miezi sita baada ya mwaka wake wa likizo kuisha. Kwa hiyo unaweza kabisa kukaa na watu wako Oktoba mkagawana, huyu aende Krismasi, huyu Pasaka, yule aliyeenda Desemba iliyopita mwaka huu apishe. Wenzetu wachache wamefanya hivyo na hata hao waliokosa Desemba hawakununa sana manake waliona mgao ni wa haki na walijua mapema. Na kitu kimoja wengi hatukifanyi, mshahara wa siku za likizo unatakiwa ulipwe kabla mtu hajaondoka, sio akirudi. Unamwachaje mtu aende kijijini mfukoni hana kitu halafu ushangae karudi na madeni na hasira?

Kuhusu ED tusiwe wakali kwa kila mtu. Zile za Jumatatu baada ya harusi tunazijua, mtu umemwona status yake saa nane usiku anacheza. Ila kiangazi watu wanaumwa kweli, na sheria inampa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari.

Masaa. Baadhi ya bekari zimehamisha shifti ianze saa 10 alfajiri na watu wamefurahi, saa 6 mchana unakuta kazi nzito ishaisha. Nawapongeza, lakini hesabu zenu zikae vizuri, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku na kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Pia saa tisa usiku hamna daladala, binti anatoka Mbagala anafikaje? Wengine wameweka bajaji moja inayozunguka kukusanya watu na imekuwa nafuu kuliko bodaboda za mmoja mmoja. Na lile saa moja la mapumziko baada ya kazi ya saa tano mfululizo lipo kisheria, sio hisani yako. Waliofunga Ramadhani, ambayo inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na siku hizi imeangukia kwenye joto lenyewe, wawekwe mbali na moto mchana, kufungasha au kaunta, na wenzao wasio na swaumu wakamate oveni.

Maji ni kikombe kila baada ya dakika 15 au 20, sio chupa kubwa mara moja mchana. Na enaji drinki zile vijana wanazopenda haziwezi kushika nafasi ya maji. Mnaokumbuka 2022 mto Ruvu uliposhuka tukapata mgao wa maji mnaelewa kwa nini kamati inasisitiza simtanki, hilo sirefushi.

Ugomvi wa rimoti ya AC na wa nani kakaa chini ya feni mtatue wenyewe, mwenyekiti sio mtu wa kupigiwa simu saa tatu usiku kuhusu feni. Suala la harufu ya jasho mwite mtu pembeni, mtu wa jinsia yake amwambie kwa upole, na kabla ya hapo jiulize hizo tisheti za poliesta za nembo ulizowashonea nani aliyezichagua. Advansi za Januari za ada na sare za shule zinakuja kila mwaka, tengeni kitu mapema muache kushtuka.

Yanayofuata sasa. Kila mwanachama alete kwa katibu ratiba ya likizo ya watu wake kabla Oktoba haijaisha, tukiziona pamoja tunaweza kuazimana mafundi waliozoea moto badala ya kuokota deiwaka barabarani. Wanaotaka rangi nyeupe ya kupaka mabati yasishike joto sana tuinunue kwa jumla, jina na ukubwa wa paa ziende kwa mhazini. Na tutaomba OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, watupe mtu wa kuja kufundisha huduma ya kwanza ya joto, kila biashara ilete wawili, mmoja wao asiwe bosi.