Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Utafiti wetu na washirika wa nje

Ndugu wanajumuiya, Assalaam alaykum.

Hesabu za mwaka atazisoma mshika fedha, na taarifa ya mafunzo imo katika makabrasha mliyogaiwa. Mimi nitaeleza jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vya Kamati Tendaji, nalo ni utafiti wa ustawi wa jamii tunaoufanya pamoja na vyuo vikuu vya nje.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionesha kwamba Tanzania Bara takriban wasichana 3 katika kila 10 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, ambapo kwa Zanzibar waliosema hivyo walikuwa takriban asilimia 6. Wapo wanaoisoma tofauti hiyo kuwa ni sifa kwetu. Kwa kesi tunazozipokea, siamini kuwa yote ni sifa. Naamini sehemu yake inatokana na kusitiriana, na namna mtu anavyoulizwa, nani anamuuliza na nani amekaa karibu yake.

Mradi wa malezi tulioufanya Kaskazini Pemba na wenzetu kutoka Ulaya umelionesha hilo waziwazi. Ratiba ya mahojiano ilipangwa huko kwao ikaangukia siku za bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa na kutoka sana, wakati ambapo akina mama wengi wa vijiji vya pwani ya Micheweni wamo baharini kwenye mwani tangu maji yanapoanza kutoka, na majumbani wamebaki bibi na wajukuu. Fomu nayo ilitaka mama ahojiwe peke yake, mlango umefungwa. Nia ni kulinda siri, nayo ni njema, lakini mgeni akijifungia chumbani na mke wa mtu, habari hufika kisimani kabla fomu haijajazwa. Wasaidizi wetu wa kike wakashauri mazungumzo yafanyike akina mama wanapofunga mbegu za mwani kwenye kamba, kila mmoja akikaa kando kidogo na wenzake. Hapo ndipo maneno yalipotoka. Fomu hiyohiyo ilimhesabu mtoto anayelelewa na bibi yake kuwa ametenganishwa na wazazi, hata kama mama yake anakaa nyumba ya pili na humuona kila siku. Kifungu hicho kimeandikwa upya, na nawashukuru kwa dhati wenzetu kwa kutusikiliza.

Tulichokidai, yaani maarifa ya wenyeji yasikilizwe, si jambo geni. Maana ya kimataifa ya taaluma yetu ya ustawi wa jamii, iliyopitishwa Melbourne, Australia, mwaka 2014, inayataja maarifa ya wenyeji kuwa miongoni mwa misingi ya kazi hii, pamoja na nadharia za ustawi wa jamii na sayansi za jamii.

Lililotuumiza ni kwamba sheha mmoja, yaani kiongozi wa serikali katika shehia yake, alituuliza yalikokwenda majibu ya watafiti waliopita kwake kabla yetu, na hatukuwa na la kumjibu. Kwa hivyo Kamati inapendekeza kuwa Jumuiya isitie saini mradi wowote na washirika wa nje isipokuwa mkataba umeeleza kwamba matokeo yatasomwa kwa Kiswahili mbele ya wananchi wa shehia husika kabla ya kuchapishwa, nakala ya takwimu itabaki Zanzibar, na watafiti wenyeji watatajwa kuwa waandishi. Rasimu ya masharti hayo mnayo mikononi, na naomba tuijadili kifungu kwa kifungu kabla ya kuipigia kura.