Mdogo wangu, usisubiri mwanetu ajiamini kwanza

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi bado unanizunguka kichwani. Unasema mwanetu nyumbani haishi maneno, ila akiitwa mbele ya watu anainamisha kichwa na sauti inamkauka. Kwa hiyo unataka asubiri kidogo, ajiamini kwanza, ndipo umpeleke kwenye kikundi cha maigizo. Nakujibu hadharani kwa sababu wazazi wengi wana mpango kama wako, na kwa maoni yangu umeanzia mwisho.

Mtoto mwenye haya huambiwa "usiogope" mpaka analichoka neno lenyewe. Linatoka kwa mapenzi, lakini linamrudisha palepale kwenye woga wake. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Chicago, alipita njia nyingine. Kati ya mwaka 1939 na 1941 alisimamia shughuli za maigizo katika mradi wa serikali mjini humo, akifundisha watoto na watu wazima, wengi wao wa familia za wahamiaji. Chombo chake kilikuwa michezo. Ninaoupenda zaidi ni huu: nusu ya kundi wanasimama mbele, nusu wanakaa na kuwatazama. Waliosimama hawapewi la kufanya. Haupiti muda, mmoja anaanza kucheka bila sababu, mwingine anajikuna shingo, mwingine hajui mikono aiweke wapi. Kisha mwalimu anawapa kazi: hesabuni viti vya ukumbini, au mbao za sakafu. Mara mabega yanashuka, pumzi zinatulia. Wanaotazama ni walewale na macho ni yaleyale, ila sasa aliyesimama ana shughuli.

Mazoezi ya maigizo yamejaa shughuli za namna hiyo. Pokea barua, ifungue, shtuka. Funga mlango kabla mwenzako hajafika. Ongea na bibi aliyeketi safu ya mwisho. Mtoto anashughulika na barua na mlango, na watu wanaomtazama wanapungua uzito bila yeye kujua.

Halafu kuna wenzake wanaomtegemea. Katika kikundi ninachosaidia kuna mtoto aliyeanza kama mvuta pazia, kwa sababu kutamka hakutaka kabisa. Kazi hiyo inataka sikio: ukikosa neno la mwisho la onyesho, pazia linachelewa na waigizaji wanabaki wameduwaa jukwaani. Kwa kusikiliza hivyo, akajikuta anajua maneno ya wote. Siku moja mwenzake alikwama katikati ya sentensi. Yeye akamtupia maneno kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti safi, na mchezo ukaendelea. Hakuna aliyempigia makofi, wala hakukuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Baadaye aliomba mwenyewe nafasi ya mlinzi wa lango, mwenye sentensi mbili tu, na akazisema.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa zaidi na mambo aliyoyafanya mwenyewe akafaulu kuliko maneno ya kutiwa moyo. Nikimkumbuka yule mvuta pazia, namwelewa Bandura vizuri sana.

Sitakuficha, si kila kikundi kinafaa. Kuna waongozaji wanaofoka, na kuna vikundi ambako watoto walewale wawili ndio wahusika wakuu kila msimu huku wengine wakiwa miti. Kabla ya kumwandikisha, omba ukae kwenye mazoezi. Usiangalie maleba wala jukwaa. Angalia mtoto akikosea nini kinatokea. Wenzake wakimsubiri arudie, mwache hapo. Vikundi vyenye watu wazima ndani navipenda zaidi, maana mtoto akimwona mzee naye anasahau maneno, anacheka na kuanza upya, anajifunza jambo ambalo mimi na wewe hatuwezi kumweleza kwa mdomo.

Usimwombee nafasi kubwa. Na tafadhali, akirudi nyumbani usimsimamishe sebuleni awaigizie wageni, hata kama unatamani sana kumwona. Muulize tu wiki hii amepewa kazi gani, na ni nani atakwama asipoifanya.

Dada yako akupendaye