Kikundi kinanisaidia, lakini bibi yangu anapotea

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani hapa Iringa mjini, na kwa miaka miwili sasa ninaandika riwaya inayotokana na maisha ya babu na bibi yangu kijijini Kalenga. Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha waandishi sita tunaokutana Jumamosi moja kila mwezi maeneo ya Mshindo, ambapo kila mmoja hugawa nakala za sura moja, wenzake wakaisoma nyumbani na kurudi na maoni.

Nitakuwa mwongo nikisema kikundi hakijanifaa. Katika sura ya nne nilimweka babu akilitazama fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, pale Kalenga mwaka 1950, na mwalimu mstaafu ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri akanieleza kwa upole kwamba fuvu hilo lilirejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Peke yangu nisingeligundua kosa hilo, maana hadithi za nyumbani husimuliwa bila tarehe.

Shida ilianza na sura ya saba, ambamo bibi anarudi alfajiri kutoka kwenye mianzi akiwa na mbeta iliyojaa ulanzi, ile pombe ya mianzi, anamkuta mgeni mlangoni na kumsalimu kwa Kihehe, "Kamwene." Nakala zangu zilirudi zimejaa wino mwekundu. Mwalimu alikata neno "mbeta" akaandika juu yake "chombo cha mwanzi", na penye "Kamwene" akaweka "Hujambo", kwa hoja kwamba msomaji wa Tanga au Mombasa hatanielewa. Kijana wa chuo alitaka bibi awe mlevi ili hadithi ichangamke. Dada mwingine alishauri mandhari yote ibaki, ila bibi aondolewe. Nimeiandika upya mara tatu, kila mara nikimridhisha mmoja na kumuudhi mwingine, na nilipomsomea mama yangu toleo la mwisho, aliniuliza, "Huyu bibi ni wa wapi?"

Tangu hapo, kila ninapokaa kuandika usiku baada ya kufunika cherehani, nawasikia wakinikosoa kabla sijafika kwenye nukta. Sura ya nane haijasogea tangu mwezi Machi.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba Mwalimu huyo ndiye aliyenifundisha darasa la saba, na kwa malezi yetu si adabu kumpinga mbele ya watu wanaomwamkia shikamoo. Yeye mwenyewe hajawahi kutuletea hata ukurasa mmoja wa kazi yake, jambo ambalo, nakiri, linaniuma kuliko wino wake. Hata hivyo, nikijitoa nitakosa macho yale yaliyoliona kosa la fuvu, na sina shaka kwamba mengine kama hilo yamo.

Naomba unishauri: je, nibaki kikundini lakini nisigawe sura yoyote mpaka nimalize rasimu nzima, au niendelee kugawa huku nikiwaomba wajibu tu maswali nitakayoandika mwishoni mwa kila sura? Na Mwalimu nimwendee nyumbani kwake, au nimtume mtu mzima anisemee, ili ajue bila kuvunjika moyo kwamba "Kamwene" ya bibi itabaki?

Wako mtiifu,
Fundi Cherehani, Iringa